Ulimi wa Ramani na Watu Waliousoma

Kama ulisoma sayansi shule ya msingi miaka ya tisini, bila shaka uliwahi kuchora ulimi. Mwalimu alichora ubaoni kitu kama unyayo, akaugawa kwa mistari: utamu kwenye ncha, chumvi pembeni kwa mbele, uchachu pembeni kwa nyuma, uchungu huko ndani karibu na koo. Tukanakili, tukapaka rangi, kwenye mtihani tukapewa maksi zetu. Darasa zima, hakuna aliyefikiria kuchukua punje ya chumvi akaiweka kwenye ncha ya ulimi aone kama ataisikia au la. Sekunde mbili tu zingetosha kuiangusha ramani nzima.

Ramani ile ni ya uongo, na uongo wake una tarehe. Mwaka 1901 David Hänig, mtafiti aliyekuwa Leipzig, Ujerumani, aliweka matone ya vitu vitamu, vichungu, vichachu na vya chumvi kwenye sehemu mbalimbali za ulimi. Akaona kwamba kila sehemu ya kingo zake inaonja kila kitu, isipokuwa sehemu fulani zinawahi kidogo kuliko nyingine. Mwaka 1942 Edwin Boring wa Harvard akatoa kitabu kikubwa cha historia ya saikolojia, na ndani yake akayachora upya matokeo ya Hänig kwa namna iliyofanya ile tofauti ndogo ionekane kama ukuta. Waandishi wa vitabu vya shule wakamalizia kazi: wakaugeuza ulimi kuwa nchi nne zenye mipaka. Mwaka 1974 Virginia Collings alirudia vipimo akaonyesha kwamba tofauti hizo zipo, ila ni ndogo mno. Miaka zaidi ya ishirini baadaye sisi bado tulikuwa tunapaka rangi. Na ile ladha ya tano, umami, ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliieleza mwaka 1908, haikupewa hata kijiji kwenye ramani yetu.

Naanza na hilo kwa sababu ipo ramani nyingine ya ulimi, hii ya kweli, ambayo hakuna mwalimu aliyetuchorea. Madaktari wanaiita kwa Kilatini lingua geographica. Wajerumani wana neno lao refu, Landkartenzunge, yaani ulimi wa ramani, na mimi nitaufuata mkondo huo huo. Juu ya ulimi hutokea mabaka mekundu, laini, yaliyozungushiwa ukingo mweupe au wa njano iliyopauka, kama visiwa na fukwe zake. Leo kisiwa kipo kushoto. Keshokutwa kimesogea katikati, kimeungana na kingine, kimefanya bara. Wiki ijayo ulimi ni safi kabisa, huoni kitu. Mwezi unaofuata bahari inaanza tena kupungua, visiwa vinajitokeza. Makadirio yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba mtu mmoja hadi watatu katika kila mia wana ulimi wa namna hii. Kwa hiyo kwenye daladala iliyojaa vizuri kuna uwezekano mkubwa kwamba yupo mmoja, kafunga mdomo wake.

Mmoja wao ni mimi. Lakini makala hii si ya mdomo wangu tu. Ni ya macho ya watu wanaoutazama, maana ulimi wenyewe, kama tutakavyoona, hauna neno.

Kinachotokea ni hiki. Uso wa ulimi umefunikwa na vijinyuzi vidogo sana mithili ya manyoya ya zulia. Hivyo ndivyo vinavyoupa ulimi ule mkwaruzo na ile rangi ya waridi iliyofifia. Kwa mtu mwenye ulimi wa ramani, vijinyuzi hivyo hupukutika sehemu fulani, pale panabaki pekundu na laini, na kwenye ukingo wa baka seli nyeupe za kinga hukusanyika. Baadaye vinaota tena, huku vingine vinapukutika mahali pengine. Hakuna mdudu. Hauambukizi, si kwa kijiko, si kwa busu, si kwa kunyonyesha. Hauelekei kuwa saratani. Wengi hawasikii hata maumivu. Wengine, ndimi zikiwa zimechachamaa, wanasikia moto wakila pilipili, nanasi au chochote chenye ndimu. Hauna dawa ya kuumaliza, na hauihitaji.

Basi. Kitabibu hadithi ingeishia hapo, aya moja. Kilichobaki ni historia, na humo ndimo lilimo tatizo.

Kuusoma ulimi ni kazi ya zamani mno. Uchina, mwaka 1341, Du Qingbi alitoa kitabu kilichokuwa na michoro 36 ya ndimi, kila mmoja na rangi yake, utando wake na maana yake kwa homa iliyo ndani ya mwili. Hadi leo tabibu wa jadi wa Kichina hakugusi kabla hujatoa ulimi, na ulimi wa ramani una jina lake kwao, na jina hilo nalo lina neno ramani. Ulaya ilikuwa hivyo hivyo: kabla ya vipimo vya damu, kabla ya picha za eksirei, ulimi ndio kiungo cha ndani pekee ambacho mgonjwa angeweza kukutolea nje ukitazame. Daktari alikuwa msomaji, na ukurasa wake ulikuwa huo mmoja.

Vitabu vingi vya udaktari vinamtaja Mfaransa Pierre Rayer, mwaka 1831, kuwa wa kwanza kuuandika ulimi huu kama hali ya peke yake. Baada yake majina yakafurika, kila daktari na lake: upele unaotembea, pete inayohama, ngozi inayobambuka kwa mabaka, hadi hili linalotumika sana siku hizi kwenye majarida ya kitabibu, ambalo ukilifungua kwa Kiswahili ni uvimbe wa ulimi unaohamahama usio na madhara. Nalipenda hilo neno la mwisho. Ila lilichelewa.

Turudi Paris, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kuna daktari anaitwa Jules Parrot, bingwa wa magonjwa ya watoto, anafanya kazi kwenye hospitali ya watoto waliotelekezwa, Enfants-Assistés. Ni mtu makini, mchapakazi, anayewatazama watoto kwa karibu kuliko wenzake wengi. Ugonjwa aliouchimba kuliko yote ni kaswende ya kuzaliwa nayo, ile ambayo mtoto huipata tumboni kwa mama. Ilikuwa balaa la kweli, iliua watoto kwa wingi, na Parrot alieleza dalili zake vizuri kiasi kwamba aina moja ya udhaifu wa viungo kwa watoto hao bado ina jina lake. Shida ni kwamba mtu akikaa sana na ugonjwa mmoja huanza kuuona kila mahali. Parrot aliamini kwamba hata matege, ile mifupa ya miguu kupinda, chanzo chake ni kaswende. Na alipoona watoto wenye mabaka yanayohama juu ya ulimi, nayo akayaweka kwenye orodha: hii ni kaswende, imejitokeza ulimini.

Hebu lipime uzito wake jambo hilo. Kipimo cha damu cha kaswende hakikuwepo. Mdudu mwenyewe alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1905, kwa darubini ya Schaudinn na Hoffmann kule Berlin, na kipimo cha Wassermann kikaja mwaka uliofuata, 1906. Maana yake ni kwamba kwa miaka kama ishirini na tano daktari aliyekubaliana na Parrot hakuwa na namna ya kuhakikisha, na mama aliyeshukiwa hakuwa na namna ya kujitetea. Mtoto katoa ulimi, ulimi una ramani, na ramani hiyo inasomwa kuwa habari za kitanda cha wazazi wake.

Kwa mtoto mwenyewe kaswende ilikuwa na maana nyingine, ya papo kwa papo: nani atamnyonyesha. Ufaransa ya wakati ule iliendeshwa kwa wanyonyeshaji wa kukodiwa, wanawake maskini wa vijijini walionyonyesha watoto wa mjini kwa ujira. Biashara ilikuwa kubwa kiasi cha kutungiwa sheria mwaka 1874, ile iitwayo sheria ya Roussel. Mtoto mwenye kaswende alimwambukiza mnyonyeshaji kupitia chuchu, mnyonyeshaji akawapelekea mume na wanawe, na kesi zikafika mahakamani. Kwa hiyo mtoto aliyepewa jina la ugonjwa huo hakupewa mwanamke. Sasa atakula nini, na maziwa ya chupa ya zama zile yalikuwa sumu?

Jibu la Parrot ni moja ya mambo ambayo ukiyasoma unarudia sentensi mara mbili. Mwaka 1881 alifungua kwenye bustani ya hospitali ile jengo la kunyonyeshea, na ndani yake akaweka punda. Watoto walinyonya punda moja kwa moja. Zipo picha zilizochorwa wakati huo: muuguzi kakaa kwenye kigoda, kambeba kichanga chini ya tumbo la mnyama, mnyama katulia tuli. Ukiutoa ule mshangao wa kwanza, ni huruma kabisa. Punda hapati kaswende, maziwa yake yako karibu na ya binadamu, na mtoto ambaye hakuna mtu angemgusa akapata kitu cha moto cha kunyonya. Siwezi kumcheka Parrot. Ndiyo maana kisa chake kinanisumbua: mtu yule yule aliyewatafutia watoto hao punda ndiye aliyeandika kwamba alama isiyo na hatia ni ushahidi wa ugonjwa unaowatenga na maziwa ya watu.

Mwaka huo huo wa 1881 Henrik Ibsen alichapisha tamthilia ya Gengangere, jina ambalo ukilitafsiri kwa kulivunjavunja ni kitu kama "wale wanaorudi kutembea". Wanaopenda maigizo wanakikumbuka kisa: kijana Osvald anarudi nyumbani kwa mama yake akiwa anaharibika akili, karithi ugonjwa wa marehemu baba yake, na neno kaswende halitamkwi mahali popote. Watu walikasirika kama vile kaandika matusi. Ibsen alifuata imani ya wakati wake kwamba baba anaweza kumrithisha mtoto moja kwa moja, mama akabaki mzima; leo tunajua mtoto huupata kwa mama. Ila jambo moja alilipatia barabara kuliko madaktari wengi: kwamba mwili wa mtoto ulikuwa umegeuzwa kuwa barua ya wazi inayosomwa na kila mgeni anayeingia sebuleni.

Nadharia ya Parrot kuhusu ulimi haikudumu. Parrot mwenyewe alifariki mwaka 1883. Wenzake wengi waliona mabaka hayo kwa watoto ambao wazazi wao hawakuwa na dalili yoyote, na kipimo cha damu kilipokuja kikamaliza ubishi. Ulimi wa ramani ukaachiwa huru, kama mshitakiwa anayeambiwa nenda bila ya mtu kumwomba radhi. (Kwenye mada ya ramani, mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa zikapiga mstari kutoka pwani karibu na mto Umba, ukaupinda mlima Kilimanjaro, ukaenda hadi Ziwa Victoria. Ule haujahama mpaka leo. Za ulimi afadhali zinahama.)

Miaka mia moja ikapita, na kinywa kikaitwa tena kutoa ushahidi. Safari hii ilikuwa kwetu.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Kule waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa mtindo kwenye biashara ya magendo ya mpakani. Upande wa Uganda waliuita Slim. Vipimo vya damu vilikuwa vichache, ghali, na viko mbali. Oktoba 1985 Shirika la Afya Duniani likakutanisha wataalamu Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ili wapate namna ya kumtambua mgonjwa wa UKIMWI mahali pasipo na maabara. Wakatoka na orodha. Dalili kubwa: kupungua uzito zaidi ya asilimia 10, kuharisha zaidi ya mwezi, homa zaidi ya mwezi. Dalili ndogo: kikohozi kisichoisha, upele unaowasha mwili mzima, mkanda wa jeshi unaojirudia, tezi kuvimba, na nyinginezo, mojawapo ikiwa utando wa fangasi kinywani na kooni. Mtu mzima alihitaji walau dalili kubwa mbili na ndogo moja, na pasiwe na sababu nyingine inayojulikana.

Ilikuwa orodha ya kuhesabia wagonjwa, siyo ya kumhukumu jirani. Lakini orodha ikitoka hospitali ikafika kibarazani inabadilika. Kibarazani hakuna dalili kubwa na ndogo, wala "walau mbili". Kuna kukonda, kuna nywele kulegea, kuna midomo kuwa myekundu, kuna weupe ulimini. Moja tu inatosha. "Ana ngoma yule." "Kakanyaga miwaya." Lugha yetu ilikuwa na misamiati kadhaa ya kusema hivyo bila kusema, na mimi nilikua naisikia yote kabla sijajua maana yake.

Kwa mtoto mchanga kinywa kilikuwa na kesi zake za siku nyingi hata kabla ya hapo. Akikohoa sana, kosa ni la kimeo. Apelekwe kwa mtaalamu akakatwe. Kuanzia miaka ya 1980 yakaja meno ya plastiki, ati mtoto anaharisha na kuchemka kwa sababu fizi zake zimeota meno mabovu yanayotakiwa kung'olewa, na watu waking'oa kwa spoku ya baiskeli vijino ambavyo ni vya kawaida kabisa, ambavyo havijatokeza bado. Watoto waliumia, wengine wakafa kwa damu na maambukizi. Sitalikuza jambo hilo hapa, linastahili makala yake. Nalitaja ili ieleweke ni mdomo wa namna gani niliozaliwa nao mwaka 1989: mdomo ambao tayari ulikuwa unatafutwa makosa.

Yaliyotokea kwetu nimehadithiwa na Mama, vipande vipande, nikiwa mtu mzima. Nilipofika kama miaka mitatu ulimi ulianza kufanya mabaka. Akadhani ni fangasi. Akanisugua kwa kitambaa safi na chumvi, haukutoka. Utando wa fangasi ukiufuta unabanduka. Ukingo wa ulimi wa ramani haubanduki, lakini nani alimwambia? Akapewa GV, ile dawa ya zambarau, nikatembea wiki mbili na mdomo kama niliyekula zambarau mti mzima. Mabaka yakaondoka, akashukuru. Yakarudi. Bibi akasema ni tumbo. Shangazi hakusema kitu, na Mama anasema hapo ndipo alipoogopa, maana Shangazi hakuwa mtu wa kunyamaza.

Baba alikuwa dereva wa malori, njia ya Kigali na Bujumbura. Hiyo peke yake, miaka ile, ilikuwa nusu ya hukumu. Ulimi wangu ukawa nusu ya pili. Kwenye zahanati moja Mama aliambiwa mbele za watu kwamba akapime, na yeye, na mzee, na kichanga aliyekuwa tumboni Mungu atajua. Akaenda kupima mwaka 1993. Akasubiri majibu wiki nzima na zaidi. Wakati huo alikuwa ameshaacha kula vizuri kwa mawazo, akakonda, na kukonda kwenyewe kukawa dalili. Majibu yakatoka: hana. Mwaka huo huo Baba naye akapima, hana. Karatasi ile Mama aliikunja akaiweka kwenye sanduku la kanga, na ilikaa humo miaka. Nilimuuliza kwa nini hakumwonyesha mtu. Akasema, "Karatasi ya damu utaibandika mlangoni?"

Nikiwa chuoni nilikwenda kwa daktari wa meno kwa ajili ya jino la nyuma. Akaniambia nitoe ulimi, akautazama, akasema kwa utulivu kabisa kwamba huu unaitwa ulimi wa kijiografia, hauna shida, unaweza kuufunga. Dakika moja haikuisha. Nilimpigia Mama nikitoka tu.

"Kwa hiyo kitu chenyewe kina jina?" akauliza.

Nikamwambia kinalo, tena majina mengi.

"Na hao walikijua tangu lini?"

Baada ya kusoma nikamjibu kwa meseji: 1831. Hakujibu mpaka kesho yake, akaandika habari za mahindi.

Ndiyo maana huwa sielewi watu wanaposema ni kitu kidogo, kisicho na madhara, cha nini kukiandikia. Wana haki kwa upande wa ulimi. Kiswahili kimeushitaki ulimi kwa mambo mengi: hauna mfupa, una ndimi mbili ndani yake, mdomo uliponza kichwa. Lakini hayo yote ni makosa ya kusema. Huu wa ramani umeponza watu ukiwa kimya, na aliyebeba gharama Paris na aliyebeba gharama kwetu ni mtu yule yule, mama wa mtoto.

Hata juzi tu tabia haijaisha. Januari 2021 Profesa Tim Spector wa King's College London aliweka mtandaoni picha ya ulimi wenye mabaka akisema wanaona ndimi za namna hii kwa wagonjwa wa korona, na watu wakaanza kutazamana midomo. Inawezekana kabisa homa kubwa ikauchokoza ulimi. Ila najua kwamba siku ile kuna watu wazima wa afya njema, wenye ramani zao za miaka thelathini, waliosimama mbele ya kioo na hofu.

Na sayansi imefika wapi? Mbali kuliko Parrot, ila haijafika mwisho. Mwaka 1957 Rahamimoff na Muhsam walichapisha uchunguzi wa watoto 1,246 wenye ulimi huu, wakaona unaandamana na magonjwa fulani ya ngozi na ya kifua yanayohusiana na mwili unaoshtuka upesi, na kwamba kwa baadhi ya watu ulimi wa ramani hugeuka taratibu kuwa ulimi wa mipasuko, ule wenye mifereji. Baadaye watafiti wakaona unafanana sana na soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa magamba: ukikata kipande cha baka ukakitazama kwa darubini, mkusanyiko wa seli za kinga ni kama wa soriasisi, na hata baadhi ya alama za kurithi kwenye vinasaba ni zile zile. Wenye soriasisi wana ulimi wa ramani kuliko watu wengine, ingawa wengi wetu wenye ulimi huu hatutaipata soriasisi maisha yetu yote. Unatembea kwenye koo za watu. Mdogo wangu, yule aliyekuwa tumboni 1993, anao. Mwanawe naye anao, na alipoanza kuuonyesha, wifi yangu alinitumia picha kwenye WhatsApp na alama tatu za kuuliza.

Nilimjibu kama ambavyo ningependa mtu angemjibu Mama. Kwamba usimsugue. Kwamba baka linalohama, linalofutika na kurudi, ndiyo tabia yake. La kumpeleka mtoto, au mtu yeyote, kwa daktari ni lile lisilohama: kidonda au baka gumu linalokaa pale pale zaidi ya wiki mbili, linalotoa damu, au utando mweupe unaobanduka na kuacha wekundu, kwa mtu ambaye pia ana homa au anapungua. Kwamba ukiuma, punguza pilipili na dawa ya meno yenye minti kali, na daktari anaweza kutoa dawa ya kupaka ya kutuliza. Na kwamba akiulizwa na mwalimu au jirani, jina lipo, alitaje lote kwa sauti.

Mimi upande wa vyakula nimekuwa nikifanya biashara na ulimi wangu kwa miaka. Juisi ya nanasi nimeacha. Ukwaju nakunywa ukiwa umepozwa na sukari nyingi. Maembe mabichi ya pilipili, yale ya kwenye mifuko pale stendi, nakula wiki ulimi ukiwa safi, na wiki ukiwa na visiwa nanunua hivyo hivyo nikampa kondakta. Urojo sijauacha na sitauacha, unawaka kama moto na nauomba na mbatata za ziada.